Sentimita Themanini na Mbili

Mlango wa choo ulikuwa mpana kupita kiasi, na Milimita aliliona hilo hata kabla hajaupima.

Alisimama mbele yake na mchoro mkononi, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, kisha akatoa futi ya chuma mfukoni. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Karakana nzima ilimwita Milimita, kwa kuwa katika miaka kumi na minane ya usimamizi hakuwahi kusamehe hata moja.

"Fundi," aliita. "Hebu njoo hapa kidogo."

Fundi alikuwa upande wa pili wa behewa akikaza skrubu za kiti. Na behewa lenyewe, tuseme kweli, halikuwa behewa. Lilikuwa mfano wa plaiwudi, umejengwa katikati ya karakana ili wakubwa wa Shirika la Reli waingie, wakae, wanyooshe miguu, waone wanachotaka kununua. Shirika lilikuwa linaagiza mabehewa mapya sitini ya safari ndefu. Kiwanda cha ng'ambo kilikuwa kimeshaleta michoro, na Ijumaa kamati ingekuja kukagua mfano na kutoa kauli ya mwisho. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Soma hapa kwenye mchoro," Milimita alisema.

"Sitini na mbili."

"Haya, soma na hapa kwenye futi."

Fundi akainama. "Themanini na mbili."

"Kumbe kusoma unajua! Mimi nilidhani macho yamekwenda kustaafu yakakuacha wewe nyuma." Milimita akagonga ubao wa pembeni. "Unajua hizi sentimita ishirini umezitoa wapi? Kwenye kiti hiki. Mchoro una viti viwili hapa, wewe umebaki na kimoja na nusu. Nani atakaa kwenye nusu kiti?"

"Mwembamba," alisema Fundi.

Siku nyingine Milimita angecheka. Leo hakucheka, na Fundi akarudi kwenye mfuko wake wa kazi kutafuta kosa lilikotoka. Halikumchukua muda kulipata.

Mafundi seremala wa pale hawakupenda kusoma futi kila saa, kwa sababu ukiisoma mara ishirini kuna mara moja macho yatakudanganya. Kila kazi waliikatia kijiti. Unasoma mchoro mara moja, unatia alama kwa kisu, kuanzia hapo kijiti ndicho kinachosema. Mlango una chake, dirisha lina chake. Fundi, mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, alikuwa na kijiti kingine kisichokuwa cha Shirika. Kilikuwa cha nyumbani. Kilikuwa na alama moja tu, na kutoka mwanzo wake hadi kwenye alama hiyo ni upana wa mke wake akiwa amesimama na magongo yake mawili, pamoja na nafasi ya viwiko. Milango yote ya nyumba yao aliipanua kwa kijiti hicho. Jumapili alikuwa akitengeneza fremu ya mlango wa uani iliyoliwa na mchwa, hajaimaliza, na Jumatatu vijiti viwili vikaenda kazini ndani ya mfuko mmoja, vyote vya mbao ile ile, vyote vimechakaa kwa mkono ule ule.

Wako watakaosema alifanya makusudi. Hapana. Alikosea, kama mtu anavyotoka msikitini na kiatu cha mwenzake, na wala hakujua mpaka alipoonyeshwa.

"Una siku mbili," Milimita alisema, sasa kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu mbaya. "Mpaka Alhamisi jioni mlango uwe sitini na mbili. Kamati ikiukuta hivi, utamwaga unga miezi mitano kabla ya kustaafu, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

"Nimekuelewa, mkuu."

"Usinielewe. Upunguze."

Jioni hiyo, nyumbani, mke wa Fundi alikuwa ameketi kibarazani akikunja nguo zilizokauka, magongo yameegemezwa ukutani karibu na mkono wake. Fundi akavua viatu, akaketi kwenye kigoda, akamsimulia. Alisimulia vibaya, akianzia katikati, lakini alipofika kwenye kijiti mkewe aliacha kukunja.

"Kijiti changu?"

"Chako."

"Umeijengea serikali choo kwa kipimo changu?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Fundi naye akacheka, kwa sababu kicheko cha yule mama kilikuwa cha kuambukiza na siku hizi hakikutoka mara nyingi. Walipotulia, mkewe aliokota shati, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Anapita mtu na magongo yake hapo?"

"Anapita."

"Bila kukaa upande upande?"

"Anaingia wima kama bwana harusi."

Mkewe akaliweka shati juu ya rundo. Kisha akasema, "Basi kesho kaupunguze. Usije ukaniletea balaa uzeeni."

Simu ikalia. Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, anayekaa huko reli inakoishia, na ambaye alipiga kila Jumanne saa hizo bila kukosa. Fundi aliyajua mazungumzo yale kwa moyo. Dada mtu angeuliza, utakuja lini? Mdogo mtu angejibu, miguu ikikubali, dada. Dada mtu angesema macho yake yanazidi kufifia, njoo nikuone kabla hayajafunga duka. Wangecheka. Simu ingekatwa, na mkewe angekaa ameishika mapajani muda mrefu.

Ilikuwa miaka tisa tangu apande treni mara ya mwisho. Basi hakuliweza, nyonga ilikataa. Watu wote, hata binti yao, waliambiwa kwamba mama hapendi safari. Ukweli waliujua wawili tu. Katika safari ile ya mwisho, ya saa kumi na nne njiani, mlango wa choo ulikuwa mwembamba. Gongo moja lilipita, la pili likagoma. Mumewe akajaribu kumwingiza ubavu, akashindwa. Watu waliosimama kwenye ujia wakatazama, wengine wakatoa ushauri, na mwishowe akarudi kitini pake huku safari ikiwa bado ndefu. Yaliyofuata hawakuwahi kuyazungumza, hata wao kwa wao.

Jumatano binti yao alipita kutoka kazini. Alikuwa karani wa tiketi pale stesheni kuu, mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Aliingia na mkate kwapani, akamwamkia baba, akamwamkia mama, akajitupa kwenye kiti.

"Mama, nisaidie. Shirika linataka abiria kumi wa kuja Ijumaa kukaa kwenye mfano wa behewa. Wakae, wajaze fomu, wapewe soda, waende zao. Bosi kaniambia mimi ndiye niwatafute. Ninao tisa."

"Tafuta wa kumi."

"Nimeshampata. Nimemkuta anakata mkate."

"Mimi si abiria," mama alisema, na kisu kikasimama. "Abiria ni mtu anayesafiri."

"Ungesafiri ungekuwa umemwona mama mkubwa. Kila Jumanne anakulilia. Mama, hivi unaogopa nini kwenye treni? Mimi watu wa magongo nawakatia tiketi kila siku."

"Unawakatia tiketi. Je, umewahi kuwauliza walifikaje?"

Binti akaona sura ya mama yake, akainuka kuleta sukari. Baba alikuwa anatazama chai yake kana kwamba ndani yake kumetumbukia kitu. Wakazungumza habari za mvua.

Alhamisi Fundi alichelewa makusudi mpaka wenzake wakaondoka. Alikuwa ameshakata mbao mbili za kuzibia, kila moja sentimita kumi, zimepigwa randa vizuri hata ungetamani kuzilamba. Akaisimamisha moja kwenye fremu. Ikakaa sawasawa. Akachukua skrubu, akaiweka penye tundu, akashika bisibisi. Mkono haukuzunguka.

Alishusha ubao, akaegemeza mgongo wake kwenye kiti na nusu, akakaa pale kitambo. Halafu akakusanya vifaa vyake na kwenda nyumbani jua likiwa bado halijazama.

"Umeupunguza?" mkewe aliuliza, kabla hata hajaitikia hodi.

"Sijaupunguza."

"Unasema?"

"Sijaupunguza, mama watoto. Nimeshindwa."

Hapo mkewe alikasirika. Alikasirika kwa sauti ambayo jirani aliizima redio ili aisikie vizuri. Alimwambia kwamba amekuwa mtoto. Kwamba miaka thelathini na mmoja mtu haimwagi kwa ajili ya mlango. Kwamba hakumwomba mtu yeyote amfanyie ushujaa, na kama anadhani atamshukuru kwa kukaa nyumbani bila kazi, amepotea njia.

"Si kwa ajili yako," Fundi alisema.

"Ni kwa ajili ya nani?"

Fundi alikaa kwenye kigoda. Aliitazama mikono yake, maana usoni mwa mkewe asingeweza kuyasema yale. "Mlango ule wa siku ile. Behewa lile lilipita karakanani kwetu kabla hujaugua, tukabadilisha milango yake yote. Ule niliutundika mimi. Nilitia bawaba mimi, nikaupiga randa mimi, nikafurahi ulivyokaa. Nilipokuwa nakusukuma pale ubavu, mbele za watu, nilikuwa naitazama kazi yangu mwenyewe. Miaka tisa sijaweza kukwambia."

Mkewe akajisogeza karibu. Alinyoosha mkono, akamtoa vumbi la mbao begani, kidogo kidogo, kama mtu anayechambua mchele.

"Mjinga wewe," alisema taratibu. "Miaka tisa unalala na mlango kifuani."

Binti yao, ambaye siku hiyo pia alikuwa amepita, akawa jikoni akiosha vikombe na kusikia maneno nusu nusu, alichungulia. Mama yake akageuka.

"Wale abiria wako wametimia?"

"Bado tisa."

"Niandike."

Ijumaa saa nne karakana ilikuwa imefagiliwa mpaka ikapoteza harufu yake. Kamati ilikuja watu sita, mbele yao Mkurugenzi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na mhandisi wa ununuzi aliyekuwa na mchoro mkubwa ndani ya bomba. Milimita alipouona mlango alibadilika rangi. Alimtazama Fundi. Fundi akatazama chini. Hapakuwa tena na muda wa kugombana.

Mhandisi alipima viti, akapima ujia, akapima madirisha. Alipofika chooni alipima mara mbili.

"Hapa pana tatizo," alisema. "Mchoro ni sitini na mbili. Nani kajenga?"

"Mimi, mheshimiwa," Fundi alisema.

"Umezidisha sentimita ishirini. Hii inakula kiti. Mabehewa sitini, viti sitini, kila safari. Kwa nini hukufuata mchoro?"

Fundi alikuwa amelala na hotuba, akaamka nayo, akaja nayo mpaka getini. Sasa ilikuwa imemkimbia yote. "Nilikosea kijiti," alisema, na mtu mmoja wa kamati akacheka puani. "Halafu... halafu nikaona si kosa."

"Ukaona si kosa! Wewe ni seremala au ni mwenyekiti wa kamati?"

Wengine wakacheka. Milimita alifungua mdomo kumtetea, kisha akaufunga, na aibu ya kuufunga ikamkaa usoni. Ndipo ikasikika sauti ya magongo juu ya ubao wa kupandishia vifaa. Tok. Tok. Abiria wa kumi alikuwa anapanda kuwafuata wale tisa waliokwisha kukaa vitini, binti yake nyuma yake mikono imekingwa hewani bila kumgusa, kwani alishakatazwa kumgusa.

"Shikamooni," alisema, kwa wote, wakubwa kwa wadogo, maana hakujua yupi ni yupi. "Mimi ni abiria. Nimeambiwa nitajaza fomu, lakini nilichonacho hakienei kwenye fomu."

Mkurugenzi alivaa miwani yake. "Karibu, mama. Sema."

Aliyashika magongo vizuri. Fundi alitamani kwenda kumshika, lakini alimjua. Alibaki pale pale.

"Miaka tisa iliyopita nilipanda treni yenu kwenda kwa dada yangu. Choo kilikuwepo, kisafi kabisa. Mlango ulinikataa. Nikarudi kitini nikajibana. Nilijibana saa nne. Ya tano nikashindwa." Alimtazama Mkurugenzi. "Nilijikojolea, mheshimiwa. Mtu mzima mwenye binti wa kuolewa, mbele ya watu. Mume wangu akavua koti lake akanifunika, akawaambia watu chai imemwagika. Hatukuwa na chai."

Hakuna aliyecheka puani. Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Tangu siku hiyo sijasafiri. Dada yangu anapofuka huko, namwambia miguu imekataa. Si miguu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi leo nimeufunua. Kiti mnachokipigia hesabu, mimi nilikuwa nacho siku ile, na nilikilipia. Sasa nipisheni nijaribu huu mlango, maana ndio nilioitiwa."

Wakampisha. Mhandisi mwenyewe alirudi nyuma mpaka akakalia ile nusu ya kiti. Mama akaelekea mlangoni, gongo la kushoto, gongo la kulia, viwiko vikaenda pamoja naye, wala hapakukwaruza kitu. Akageuka ndani, kwa shida kidogo lakini kwa nafasi. Akauvuta mlango. Likasikika komeo la mbao likiteleza.

Ndani hamkuwa na kitu. Plaiwudi tupu, na duara la chaki sakafuni mahali ambapo choo kingekaa. Watu wazima kumi na kadhaa, na Mkurugenzi wao, walisimama wakiutazama mlango uliofungwa, na dakika ikapita, na nyingine. Fundi alisikia pumzi ya mkewe ikikatika katikati, akajua analia.

"Mama?" binti aliita. "Upo salama?"

"Nipo," sauti ilijibu kutoka ndani. "Msinifungulie. Nimefunga mwenyewe."

Barua zilikuja mbili, wiki tatu baadaye, na zote alizileta Milimita kwa mkono wake mwenyewe, amevaa shati la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano.

Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo kali kwa fundi seremala aliyekiuka mchoro bila idhini. "Nimeiandika mimi," Milimita alisema. "Ilibidi. Kosa ni kosa." Ya pili ilikuwa nakala ya agizo lililokwenda kiwandani. Kila behewa lina vyoo viwili. Kimoja kitakuwa na mlango wa sitini na mbili kama mchoro ulivyosema, na cha pili themanini na mbili. Mhandisi alikuwa amepigania kiti chake mpaka mwisho, akakipoteza kwa kura moja. Mabehewa yangefika baada ya miaka miwili.

"Na kile kijiti nakitaka," Milimita alisema. "Kiwanda kimeuliza kipimo kimetoka wapi, Mkurugenzi kasema wapelekewe chenyewe."

Fundi alikitoa mfukoni. Milimita akatoa futi yake, hakuweza kujizuia, akakipima pale pale kibarazani.

"Themanini na mbili na milimita tatu," alisema. Akakohoa. Akamtazama mama wa nyumba, kisha akakiviringisha kijiti kwenye kitambaa safi, polepole. "Waache nazo. Hizo nazisamehe."

Alipoondoka, mama alimpigia dada yake, ingawa haikuwa Jumanne.

"Nitakuja," alimwambia.

"Miguu imekubali?"

"Miguu haikuwa na neno. Nitakuja treni mpya zikifika. Miaka miwili."

"Miwili! Wewe, na mimi nitakuwepo?"

"Uwepo," alisema mdogo mtu. "Nimeshajifunua mbele ya serikali kwa ajili yako. Usinitie hasara."

Walicheka, wakalia, wakacheka. Alipokata, Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, penye fremu iliyokuwa bado haijamalizika, na kipande kipya cha mbao mkononi. Kijiti cha zamani kilikuwa njiani kwenda ng'ambo, na kazi ilikuwa inasubiri.

"Njoo nikupime upya," alisema. "Miaka tisa hii hujabaki vilevile."

"Sema nimenenepa, usizunguke."

"Nimesema nini mimi?"

Alikuja, akasimama katikati ya mlango na magongo yake, viwiko vimetanuka, kidevu juu. Fundi akaweka kijiti kipya mbele yake kutoka ncha hadi ncha, akafungua kisu, akatafuta mahali pa kutia alama.

"Sogeza mbele kidogo," mkewe alisema.

"Inatosha hapa. Unapita vizuri."

"Sogeza," alisema. "Acha na nafasi ya begi."